Jogoo wa Mkia Mrefu: Malezi Yake na Utunzaji wa Manyoya

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za jogoo wa mkia mrefu: jinsi mkia wake unavyoota, sababu za kurefuka au kukatika kwake, na namna mtu wa Tarime au Serengeti awezavyo kumlea jogoo mzuri pasipo kuipotezea nyumba yake mayai na nyama. Jambo hili la mwisho ndilo kubwa. Kuku wa nyumbani, mara nyingi, ni akiba ya mama na watoto; akiuzwa mmoja hununuliwa daftari, akiuzwa mwingine hununuliwa chumvi na sabuni. Basi mtu akipenda uzuri wa jogoo mmoja hata akawasahau waliobaki, ameuza akiba kwa kununua pambo. Lakini akifuata njia njema, pambo na akiba huenda pamoja, maana yale yanayourefusha mkia wa jogoo ndiyo hayo hayo yanayowapa uzima kuku wote.

Habari za Kuku wa Mbali

Kuku mwenye sifa kuu ya mkia duniani ni yule wa Japani aitwaye Onagadori. Kwao ni nchi ya Tosa ya zamani, ambayo sasa huitwa mkoa wa Kochi, katika kisiwa cha Shikoku. Husimuliwa ya kuwa zamani manyoya ya kuku wa namna hiyo yalitumika kupamba mikuki ya mabwana wakubwa walipotoka kwa maandamano. Mwaka 1952 serikali ya Japani ilimweka Onagadori katika daraja ya juu ya vitu vya asili vinavyolindwa na sheria. Mkia wa jogoo huyo huongezeka karibu mita 1 kila mwaka, na wako waliopimwa mikia yao ikapita mita 10.

Siri yake ni hii. Kuku wetu hupukutisha manyoya yake yote kwa zamu, takriban mara moja kwa mwaka, na mapya huota mahali pa yale ya zamani. Onagadori hupukutisha manyoya ya mwilini kama wengine, lakini baadhi ya manyoya ya mkia wake hayaanguki. Huendelea kukua mwaka baada ya mwaka. Hiyo ni tabia ya damu, iliyorithiwa kutoka kwa baba na mama; haipatikani kwa dawa wala kwa chakula. Kuku wa mikia mirefu wa Japani walipofika Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, mfugaji mmoja jina lake Hugo du Roi aliwachanganya na kuku wa kule, akapata aina iitwayo Phoenix. Wana wa aina hiyo wana mikia mizuri, lakini tabia ya kutopukutisha ilipotea, na kwa hiyo mikia yao haifikii ile ya Kochi hata kidogo.

Tena hapana budi kueleza upande wa pili. Ili mkia wa Onagadori usikatike, jogoo huwekwa katika sanduku jembamba na refu la mbao, akakaa juu ya kijiti, hali mkia umening'inia au umekunjwa. Hutolewa kwa muda mfupi tu kutembezwa, na mtu humshikia mkia wake. Sisi hatuwashauri wasomaji wetu kuiga jambo hilo. Kuku ni mnyama wa kuparua, kuoga vumbi na kukimbia. Akizuiwa hayo yote kwa miaka mingi, uzuri wake umenunuliwa kwa bei anayoilipa yeye mwenyewe. Tena jogoo wa sandukuni hawezi kuongoza kundi wala kuwaonya vifaranga mwewe akipita. Kwetu, jogoo atembeaye uani na mkia wa futi 2 ni bora kuliko mfungwa wa mita 10.

Kwa Nini Jogoo Ana Mkia?

Huenda mwanafunzi akauliza: mkia mrefu una faida gani kwa ndege mwenyewe? Humzuia kukimbia, humwonyesha kwa adui, tena hulowa mvua. Jibu limepatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Katika nyanda za juu za Kenya yuko ndege mdogo mweusi wa nyikani, wa jamii ya kweche, ambaye dume lake huota mkia mrefu kupita kiasi wakati wa kuzaa. Mtaalamu wa Sweden, Malte Andersson, aliwashika madume kadhaa huko Kinangop. Wengine aliwakata mikia ikawa mifupi, na vipande vilivyokatwa akaviunga kwa gundi katika mikia ya wengine, ikawa mirefu kuliko kawaida. Mwaka 1982 alitangaza aliyoyaona: madume walioongezewa mikia walipata majike wengi zaidi waliojenga viota katika maeneo yao kuliko wale waliokatwa. Yaani majike ndio wachaguzi. Mkia uliokithiri urefu umeletwa na uchaguzi wao wa vizazi vingi.

Katika kuku wa nyumbani, mchaguzi wa pili ni mwanadamu. Yule wa Kochi alichagua mkia. Mwingine alichagua mayai. Mwingine alichagua nguvu za kupigana, kama tuonavyo katika kuku warefu waitwao kuchi, ambao manyoya yao ni machache na mkia wao si mrefu. Basi kila mfugaji, hata asiyejua kusoma, ni mchaguzi. Akimchinja jogoo mzuri kwa ajili ya mgeni na kumwacha dhaifu azae, amechagua udhaifu.

Mkia Unavyoota

Mkia wa jogoo una namna mbili za manyoya. Ndani yako manyoya magumu yaliyosimama, kwa kawaida 14, yaani 7 kila upande. Juu yake yako manyoya laini yaliyopindika kama mundu, na mawili ya katikati ndiyo marefu kuliko yote. Pande zote mbili za kiuno huning'inia manyoya membamba yanayong'aa.

Unyoya ukiwa mchanga una damu ndani ya shina lake, na ukivunjika wakati huo damu hutoka kwa wingi. Ukiisha kukomaa, damu hurudi, shina huwa tupu, na unyoya huwa kitu kikavu kama ukucha. Kwa sababu hiyo unyoya uliokatwa kwa mkasi hauongezeki tena mpaka msimu wa kupukutisha. Lakini ule uliong'olewa pamoja na shina lake huota upya mapema. Tena mkia wa mwaka wa kwanza si kipimo cha mwisho: jogoo wengi huonyesha mkia bora baada ya kupukutisha mara ya kwanza.

Liko jambo jingine la ajabu. Watu wengi hudhani ya kuwa manyoya marefu huletwa na udume. Sivyo. Jogoo aliyehasiwa hubaki na mkia wake mrefu. Katika kuku, ni maji yatokayo katika kifuko cha mayai cha jike ndiyo yanayoyafanya manyoya yake kuwa mafupi na ya mviringo. Kifuko hicho kikiharibika kwa uzee au ugonjwa, jike huweza kuota manyoya ya jogoo, na pengine huwika. Wengi huogopa kuku jike awikaye, wakasema ni ishara ya msiba, wakamchinja. Sasa msomaji ajua ya kuwa ni ugonjwa wa kuku mwenyewe, wala hauleti habari yo yote kwa watu wa nyumba.

Chakula cha Manyoya

Sehemu kubwa sana ya unyoya, kama 9 katika 10, ni kitu kile kile kinachojenga nyama, yaani protini. Kuku ashibaye mahindi peke yake hupata nguvu na mafuta, lakini hana cha kujengea mkia. Akikaa na njaa siku moja wakati manyoya yanaota, mstari mwembamba huonekana kukata unyoya kwa mapana, na mahali pale ndipo utakapovunjika baadaye. Mtazame jogoo wako juani: mistari ile ni daftari ya siku zake za shida.

Kwa bahati njema vyakula vinavyofaa viko karibu nasi. Dagaa wa Ziwa Viktoria hupatikana kutoka Musoma na Shirati. Hata wale waliovunjika, wasiofaa mbogani, huwafaa kuku. Mchwa hupatikana kwa njia ya wazee: chukua chungu kikuukuu, kijaze mabua na samadi iliyonyunyiziwa maji, kisha kifudikize jioni juu ya njia ya mchwa, asubuhi utawakuta wamejaa. Mtu apendaye kuchanganya chakula na afuate kipimo hiki kwa debe au kwa kopo: mahindi au mtama ulioparazwa sehemu 6, pumba sehemu 2, mashudu ya alizeti sehemu 2, na dagaa waliosagwa sehemu 1. Atie chumvi kidogo sana, na maganda ya konokono au ya mayai yaliyochomwa na kusagwa. Majani mabichi kama mchicha yatundikwe juu kidogo, kuku wayarukie. Maji safi yawepo mchana kutwa.

Mahindi yaliyoota ukungu yasitumiwe. Watu husema, "Hayo tuwape kuku." Ukungu ule una sumu inayoharibu ini la kuku kama inavyoharibu la mtu.

Nyumba na Fito ya Kulalia

Adui mkubwa wa mkia ni sakafu chafu. Mavi hushika ncha za manyoya, hukauka, na jogoo akitembea ncha hukatika. Basi banda liwe kavu, litandikwe nyasi kavu au maranda, nayo yabadilishwe mara kwa mara. Katika milima ya Tarime mvua ni nyingi, na tope la uani huharibu zaidi. Afadhali banda liinuliwe juu ya nguzo. Upande wa Mugumu, Nata na Ikoma, ambako jua ni kali zaidi, hapana budi kuwe na kivuli.

Fito ya kulalia iwe laini, nene kama mpini wa jembe, futi 4 juu ya sakafu, na mbali na ukuta kwa futi 2, ili mkia uning'inie pasipo kusuguliwa. Lakini jogoo mzito arukapo chini kutoka juu huumia nyayo, zikavimba na kutunga usaha. Kwa hiyo mwekee ngazi ya vijiti ashukie polepole. Milango iwe mipana. Mlango mwembamba hukata mkia kila siku, asubuhi na jioni. Matundu yote yazibwe, maana kicheche, kanu na nguchiro hupita mahali padogo.

Majogoo wawili wasiwekwe pamoja. Wakipigana, kazi ya mwaka mzima huisha kwa dakika moja.

Kuoga na Wadudu

Kuku huoga kwa vumbi. Mchimbie shimo mahali pakavu, utie vumbi laini na majivu ya kuni. Atajigaragaza mwenyewe na chawa watapungua. Kila wiki mshike usiku, upekue manyoya chini ya mkia. Mayai ya chawa huonekana yamegandamana kwenye mashina. Utitiri haukai mwilini mchana. Hujificha katika nyufa za fito na hutoka usiku kunyonya damu. Kwa hiyo mwagia nyufa maji yanayochemka, na ukuta upakwe chokaa. Viroboto walioshika usoni wapakwe mafuta ya mgando, watakufa kwa kukosa pumzi.

Siku moja au mbili kabla ya kumpeleka jogoo kwenye maonyesho au mnada, aweza kuoshwa. Fanya hivyo asubuhi yenye jua, si jioni, kwa sababu baridi ya Tarime ni kali. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usugue kutoka shina kuelekea ncha, kamwe usirudishe mkono nyuma. Suuza mara mbili, umfute kwa kitambaa, akauke mahali pasipo upepo. Unyoya mchanga ukivunjika na kutoa damu, bana mahali pale kwa unga wa mahindi. Damu isipokoma, ling'oe shina lote kwa mkupuo mmoja.

Kideri

Yote tuliyoyasema ni bure ikiwa kideri kitaingia. Ugonjwa huu, ambao wengine huuita mdondo, ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na huko Newcastle, Uingereza. Kuku huhema kwa shida, huhara kijani, hupooza mabawa, hupinda shingo, kisha hufa. Na katika siku chache nyumba iliyokuwa na kuku 30 huweza kubaki na 2. Dawa ya kuuponya hakuna. Lakini kinga iko, tena ni rahisi. Chanjo iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitayarishwa Australia na hutengenezwa hapa Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa nayo yapasa kuwekwa mahali pa baridi. Hutiwa tone 1 katika jicho 1 la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Kuku mzima ndiye achanjwaye. Aliyekwisha kuugua haimfai. Na yafaa kijiji kizima kichanje siku moja, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ni mlango uliofunguliwa. Mwulizeni Bwana Mifugo wa kata yenu.

Wahenga walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Nasi twaongeza: kamba hiyo iwe mbali na banda. Jogoo aliyenunuliwa mnadani, hata awe na mkia wa namna gani, akae peke yake siku 14 au zaidi, apewe chakula na maji katika vyombo vyake, kabla ya kuingizwa kundini. Na mtu asilete kuku wala mayai kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari pasipo kibali cha idara ya mifugo.

Kuchagua Wazazi

Pima kwa uzi unyoya mrefu wa mundu kutoka shinani hadi nchani, uandike katika daftari pamoja na tarehe. Kazi hii yawafaa sana wanafunzi. Chagua jogoo mwenye mkia mrefu, lakini pia mwenye macho maangavu, miguu imara na sauti kubwa. Wala usisahau jike. Yeye haonyeshi mkia, lakini damu ya mkia anayo. Basi mchague yule ambaye baba yake na ndugu zake madume walikuwa na mikia mizuri, na ambaye yeye mwenyewe hutaga vyema na kulea vifaranga. Jogoo 1 hutosha majike 8 hadi 10. Asipandishwe kwa binti zake. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili badilishaneni majogoo na jirani, la sivyo vifaranga watakuwa dhaifu na mayai mengi hayataanguliwa.

Faida Yake

Jogoo wa namna hii hupata bei nzuri, na manyoya yake pia yana kazi. Katika ngoma za Wakurya manyoya ya mbuni yamekuwa pambo la kichwa tangu zamani. Lakini mbuni ni mnyamapori, na kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 mtu hawezi kukaa na nyara za wanyamapori pasipo kibali. Wakazi wa Serengeti, waliopakana na hifadhi iliyowekwa mwaka 1951 na mapori ya Ikorongo na Grumeti, wanajua uzito wa neno hilo. Manyoya ya jogoo hayana kesi. Huanguka yenyewe kila mwaka. Mtoto huyaokota, huyaosha, huyakausha kivulini na kuyafunga mafungu kwa urefu wake. Hayafikii ukubwa wa yale ya mbuni, lakini yamepatikana bila kuua na bila hofu.

Basi atakaye kuanza, na asianze kwa kutafuta mkia. Aanze kwa chanjo, kisha banda, kisha chakula. Mwaka wa pili ndipo achague jogoo. Kundi likiwa zima, mkia utakuja. Na ikiwa hautafika futi 2, bado mayai yatakuwa kikapuni na vifaranga uani.